Bottesford, Leicestershire: kanisa la kijijini lililojaa makaburi ya Maerli wa Rutland. Nyota tano, beba tochi

Nyota tano kati ya tano, naanza na hilo ili mwenye haraka aondoke na jibu lake. Kanisa la St Mary the Virgin pale Bottesford, kule juu kabisa Leicestershire inapokaribia kugusana na Nottinghamshire na Lincolnshire, kwangu mimi ndo mahali pazuri kuliko pote Uingereza kwa mtu anayetaka kuona makaburi ya kifahari ya makabaila yakiwa bado kijijini kwao, hayajahamishiwa makumbusho, hayajawekewa kioo, na hukatiwi tiketi. Unaingia kama unavyoingia kanisa lolote, na mchango unatoa kadiri ya mfuko wako, na nawaomba toeni jamani, kwa sababu paa la kanisa la miaka mamia halijitengenezi.

Kwa ambao hamjawahi kufanya utalii wa aina hii nieleze kidogo. Familia kubwa zenye ardhi huku hazikukimbilia kuzikwa London. Nyingi zilizika watu wao kwenye kanisa la kijiji kilicho jirani na ngome au jumba lao, baba, mtoto, mjukuu, kitukuu, karne baada ya karne, na kwa kuwa ardhi ni yao na mara nyingi hata haki ya kumteua kasisi wa hapo ni yao, walichukua sehemu ya mbele kabisa karibu na madhabahu. Ndo maana unaweza kushuka kwenye kituo kidogo cha treni, ukapita nyumba za kawaida tu za watu, watoto wanaendesha baiskeli, halafu ukafungua mlango wa kanisa ukakuta uchongaji ambao ungetegemea kuuona makumbusho ya mji mkuu. Hilo ndo linalonivuta mimi kwenye safari hizi, ile kwamba vitu hivi vipo vilevile pale vilipowekwa na watu wa kijiji bado wanasali katikati yake.

Familia ya hapa inaitwa Manners. Ngome yao, Belvoir Castle (ukiuliza njia tamka Biva, watakuelewa haraka), iko juu ya kilima upande wa kusini. Zamani haikuwa yao, ilikuwa ya familia ya de Ros, ikawafikia kina Manners kwa njia ya mwanamke, Eleanor de Ros, na mjukuu wa Eleanor, Thomas Manners, ndiye aliyepewa na Mfalme Henry wa Nane cheo cha Erli wa Rutland mwaka 1525. Kuanzia huyo Thomas aliyekufa 1543 mpaka Erli wa nane aliyekufa 1679, wote wanane makaburi yao yako humu ndani, hakuna hata mmoja aliyerukwa. Wanane mfululizo kwenye chumba kimoja, aisee sijui kama kuna sehemu nyingi zenye hiyo.

Sasa ukiingia, usiende mbele haraka. Kaa kwanza huku nyuma kwenye viti uangalie kanisa lenyewe lilivyo, refu, lenye mwanga, mnara wake nje una ncha inayopita futi 200 juu na unauona kwa mbali kabisa ukiwa bado kwenye treni. Halafu ndo utembee polepole kuelekea kwenye tao la mbele. Ukilipita hilo tao unajikuta umezungukwa, makaburi yamesimama katikati ya sakafu, mengine yamepanda ukutani mpaka juu, rangi nyekundu, dhahabu, nyeusi, watu wamelala na mikono imekutanishwa, watoto wamepiga magoti pembeni, wanyama miguuni, ngao za ukoo kila mahali, na tausi, ambaye ni alama ya ukoo huu. Madhabahu iko kule nyuma yao. Yaani mwanakijiji aliyekuwa anatazama mbele wakati wa ibada miaka ya 1600 ilibidi macho yake yapite kwanza kwa mabwana zake ndo yafike kwenye meza ya Bwana. Mi nadhani hilo lilikusudiwa, na ukisimama pale unalielewa mwilini mwako kabla hata hujasoma kitabu chochote.

Kaburi la Erli wa kwanza, Thomas, na mkewe Eleanor Paston, ni la alabasta, kazi ya Richard Parker wa Burton-on-Trent. Alabasta ni jiwe laini, jamii ya jasi, linachimbwa mikoa hiyohiyo ya katikati ya Uingereza, Derbyshire na Staffordshire, na ulaini wake ndo unaomwezesha fundi kuchonga mpaka nywele na mikunjo ya nguo. Angalia mikono, angalia pete. Lakini ujue pia huyu Thomas alivyotajirika. Henry wa Nane alipovunja monasteri, Thomas alikuwa kwenye foleni ya mbele ya waliogawiwa ardhi za watawa, monasteri ya Rievaulx kule Yorkshire alipewa yeye. Na monasteri ya Belvoir, ambako wazee wa de Ros walikuwa wamezikwa, ilivunjwa nayo, ndo maana sanamu za William de Ros aliyekufa 1414 na John de Ros aliyeuawa vitani Ufaransa 1421 zikaletwa hapa Bottesford. Kwahiyo kanisa hili limekuwa jumba la makaburi kwa sababu nyumba ya kwanza ya marehemu ilibomolewa. Wengi wanapita sanamu hizo mbili za kina de Ros bila kuzitazama kwa sababu hazina rangi rangi, lakini kwa macho yangu nyuso zake ndo tulivu kuliko zote humo ndani, mpe kila mmoja dakika zake.

La Erli wa pili, Henry, aliyekufa 1563, litakushangaza. Yeye na mkewe Margaret Neville wamelazwa chini ya meza. Meza kabisa, ya jiwe, yenye miguu minene iliyochongwa kama ile ya samani za zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Inama, usiogope kuchafua magoti, maana ukisimama wima huwaoni vizuri. Kuna wanaosema linafanana na meza ya komunyo, na ukikumbuka kwamba miaka hiyo Uingereza ilikuwa imeyumba kutoka Ukatoliki kwenda Uprotestanti na kurudi na kwenda tena, madhabahu za mawe zinaondolewa, meza za mbao zinaletwa, hapo umbo hilo linaanza kukuambia kitu.

Erli wa tatu na wa nne walikuwa ndugu, Edward na John, wakafa wamefuatana, mmoja 1587 mwingine 1588. Makaburi yao yote mawili yalitengenezwa na mtu mmoja, Gerard Johnson, fundi Mholanzi aliyehamia London na kufungua karakana yake Southwark, na familia hiyohiyo ya mafundi ndo inayotajwa kuchonga sanamu ya Shakespeare kule Stratford. Sasa fikiria usafiri. Mwaka 1591 mawe haya yalipakiwa melini kwenye mto Thames, yakazunguka baharini mpaka bandari ya Boston kule Lincolnshire (hii Boston ya kwanza, sio ya Marekani), halafu yakaburutwa kwa mikokoteni mpaka hapa kwenye njia za matope za wakati ule. Ukishalijua hilo unaanza kutazama viungo, wapi jiwe limeungana na jiwe, kwa sababu vilikuja vipande vipande na kuunganishwa humuhumu ndani. Haya mawili yana rangi bado na ni mazuri, ila nitakuwa mkweli, nyuso zake hazina uhai kama ule wa alabasta ya kwanza, karakana ya Southwark ilikuwa inafanya kazi nyingi na inaonekana.

La wa tano nitalipita haraka. Huyo ni Roger, mtoto wa John, alimuoa Elizabeth binti wa Sir Philip Sidney, akajiingiza kwenye uasi wa Erli wa Essex dhidi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1601 akapigwa faini ya pauni 30,000, hela isiyoelezeka kwa wakati ule, akafa 1612 bila mtoto. Kaburi zuri, mke amelala chini kidogo ya mume. Tuendelee.

Tuendelee kwa sababu la wa sita ndo lililonifanya niandike haya yote.

Francis, mdogo wake Roger, alikufa 1632. Kaburi lake ni kubwa kuliko yote, limepanda mpaka linagusa dari. Amelala na wake zake wawili, wa kwanza Frances Knyvett, wa pili Cecily Tufton, na miguuni wamepiga magoti watoto wadogo wawili wa kiume na fuvu la kichwa, ishara kwamba walitangulia. Kwenye maandishi ya kaburi, kwa herufi zinazosomeka vizuri kabisa mpaka leo, imeandikwa kwamba watoto hao wawili walikufa wakiwa wadogo kwa matendo maovu na uchawi. Imechongwa kwenye jiwe, ndani ya kanisa, karibu na madhabahu. Nilikuwa nimeshasoma habari yake kabla lakini kuiona pale ni jambo jingine kabisa, nilisimama muda mrefu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijijini hapo palikuwa na mama mmoja, Joan Flower, na mabinti zake wawili, Margaret na Philippa. Walikuwa maskini, wakapata kazi pale ngomeni, kisha Margaret akafukuzwa kazi, akapewa shilingi 40, godoro la sufu na mto, akaambiwa aende zake. Baadaye mtoto mkubwa wa Erli, Henry, akaugua akafa mwaka 1613. Mdogo wake Francis naye akawa mgonjwa mgonjwa. Miaka ikapita, maneno yakazidi kijijini, na mwaka 1618 wakakamatwa mama na mabinti. Ushahidi uliotolewa ni kwamba waliiba glavu ya mtoto, wakaichovya kwenye maji ya moto, wakaichomachoma, wakaisugua kwa paka wao aliyeitwa Rutterkin. Joan aliomba mkate akiwa njiani kupelekwa gerezani Lincoln, akasema kama ana hatia basi mkate usipite kooni, na akafa njiani palepale Ancaster. Ndivyo ilivyoandikwa na waliomshtaki. Mabinti walihojiwa, wakakiri, wakanyongwa Lincoln mwezi Machi 1619. Mmoja wa waliowahoji alikuwa Dokta Samuel Fleming, kasisi wa kanisa hilihili, ambaye pia alikuwa na mamlaka ya hakimu, na daraja dogo la mawe nje ya kanisa juu ya mto Devon limeitwa kwa jina lake, utalivuka.

Na yule mtoto mdogo, Francis, aliyekuwa mgonjwa, alikufa 1620. Wanawake wale walikuwa wameshakufa mwaka mzima. Kifo chao hakikumponya. Bado miaka kumi na mbili baadaye jiwe lilichongwa vilevile, uchawi.

Mimi nimekulia Kanda ya Ziwa. Sisi wa Mwanza na Shinyanga hatuhitaji kuelezwa habari hii inavyokwenda, tumesikia bibi vizee wangapi wamekatwa mapanga kwa sababu mtoto wa jirani kaugua, kwa sababu macho ya bibi ni mekundu, na mekundu ni kwa moshi wa kupikia na samadi miaka yote ya maisha yake. Nilipokuwa nasimama mbele ya lile kaburi nilichokuwa nakitafuta ni majina ya wale wanawake, na jiwe halina majina yao. Watoto wametajwa, wake wametajwa, vyeo vimetajwa mpaka vinachosha, Joan na Margaret na Philippa hakuna. Kwahiyo ushauri wangu kwa kila atakayekwenda ni kwamba soma kwanza kisa chao nyumbani, ujue majina matatu hayo, halafu ndo uende ukalisome kaburi. Usilione kama kivutio cha kutisha cha kupigia selfi. Na pia simwoni Erli kama shetani, mtu aliyezika watoto wawili alikuwa na uchungu wa kweli na mkewe pia, ila uchungu wa mwenye ngome ulipewa alabasta na uchungu wa Joan ukapewa kamba kwa mabinti zake, na vyote viwili vimo kwenye lile jiwe ukijua kusoma.

Ukitoka hapo makaburi mawili ya mwisho, Erli wa saba na wa nane, yanaonekana kama ya nchi nyingine. Hakuna kulala tena, hakuna mikono ya sala, watu wamesimama wamevaa kirumi, kama masenata. Ndani ya karne moja na nusu umeona watu wanavyobadilisha wanachotaka kukumbukwa nacho, mwanzo wanakuomba uwaombee, mwisho wanataka tu uwatazame. Kwangu haya mawili hayana mvuto, ila ni muhimu yawepo, bila hayo usingeona safari nzima. Erli wa tisa akapandishwa cheo kuwa Duki mwaka 1703, na baada ya mke wa Duki wa tano, Elizabeth, kufariki mwaka 1825 walijengewa mausoleamu yao binafsi, yaani jengo la makaburi, kulekule Belvoir, kwahiyo historia ya kina Manners kujizika mbele ya wanakijiji ikaishia hapo.

Mambo ya vitendo sasa. Treni: Bottesford ina kituo chake kwenye njia ya Nottingham kwenda Grantham. Kwa wa Leicester, na najua tuko wengi, unabadilishia Nottingham. Wa London mnatoka King's Cross mpaka Grantham halafu mnapanda hiyo njia ndogo, muda mfupi tu mmefika. Treni sio nyingi kwahiyo angalia ratiba ya kurudi KABLA hujaondoka nyumbani. Kutoka kituoni ni kutembea, fuata mnara, huwezi kupotea. Vaa koti hata kama nje jua linawaka, makanisa ya mawe hayapati joto. Beba tochi ndogo, taa ya simu inatosha kwa dharura lakini tochi ukiiwasha kwa pembeni, sio usoni kwa sanamu, mikunjo na maandishi yanajitokeza yenyewe. Darubini kama unayo, kwa zile ngao za juu. Usiguse alabasta, hata kama umeona majina ya watu wa zamani yaliyokwaruzwa humo, mafuta ya vidole yanaila. Na usitegemee choo wala chai, makanisa ya vijijini hayako hivyo, ukikuta shukuru. Jumapili asubuhi ni ibada, nenda usali nao au subiri imalizike, usiingie na kamera katikati.

Simu kwanza pia ni muhimu kwa makanisa ya aina hii kwa ujumla. Kuna moja, silitaji, nilisafiri mbali nikakuta kufuli mlangoni na karatasi imefutika kwa mvua haisomeki namba ya mwenye ufunguo. Inauma. Kwahiyo popote uendapo angalia tovuti au piga simu, hasa miezi ya baridi.

Ukishaonja Bottesford ukataka nyingine, nenda Great Brington kule Northamptonshire, kwa kina Spencer, ukoo wa Princess Diana, ingawa yeye amezikwa Althorp kwenye kisiwa, sio humo kanisani. Nzuri sana ila makaburi yako nyuma ya uzio wa chuma, unachungulia tu, na mimi nataka kusogea. Lydiard Tregoze, nje kidogo ya Swindon, kwa kina St John, hiyo naipa nyota nne na nusu, kuna mchoro wa familia wa 1615 unaofunguka kama milango ya kabati, na kuna Edward St John aliyekufa 1645 kwa majeraha ya vita vya wenyewe kwa wenyewe amesimama kwa dhahabu anatoka hemani kwake. Warkton, Northamptonshire tena, kwa wapenzi wa marimari na kazi ya mchongaji Roubiliac. Framlingham, Suffolk, kwa kina Howard.

Belvoir Castle yenyewe ni ya kulipia na sio lazima. Ukiwa na familia na watoto wanataka kukimbia kwenye bustani sawa, nendeni, ila kanisa liwe la kwanza, asubuhi mkiwa na nguvu. Na watoto wapelekwe kanisani pia, wangu walishika kazi ya kuhesabu tausi na wakaniacha nisome kwa amani.